Sifa Tano, Alama Kumi

Swali la nane lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi ndiye niliyelitunga, na mimi ndiye niliyepangiwa kulisahihisha. Lilisema hivi: "Taja na ueleze sifa tano za Mungu. Alama kumi." Kila sifa ilikuwa na alama mbili, moja ya kutaja na moja ya kueleza. Huruma ya Mungu, alama mbili. Umilele wake, alama mbili. Hata nyanya sokoni hazigawanywi kwa uhakika kiasi hicho, maana muuzaji wa nyanya ana aibu kidogo, akiona fungu limepungua huongeza moja juu.

Tulisahihishia kwenye bwalo la shule ya bweni, wanafunzi wakiwa likizo. Meza zilikuwa zimeunganishwa kutoka mlangoni hadi kwenye dirisha la jikoni, nasi tuliketi wanane upande mmoja, kila mtu na swali lake. Karatasi ya mtahiniwa iliingia kwa mwalimu wa swali la kwanza, ikapigwa wino mwekundu, ikasukumwa kwa wa pili, ikateremka hivyo hivyo mpaka ikanifikia mimi mwisho wa meza, pale ambapo kuanzia saa nne harufu ya vitunguu ilikuwa inaingia machoni. Baada yangu aliketi dada mmoja mkimya mwenye kalamu ya kijani. Kazi yake ilikuwa kujumlisha alama, kuandika jumla kwenye jalada na kuitupa karatasi guniani. Karatasi haikuwa na jina, ilikuwa na namba. Hatukujua aliyeandika ni nani wala anatoka wapi, na kutojua huko ndiko tulikokuita haki.

Nilikuwa nimefundisha somo la dini miaka ishirini na miwili. Wanafunzi waliniita Wembe, na sikuwahi kuwakataza. Mwaka mmoja darasa langu lilipofeli sana, nilitunga wimbo wa sifa tano, mfupi, wa kupiga makofi: anajua yote, yupo kila mahali, ana huruma, ni mwenye haki, ni wa milele. Kiitikio kilikuwa "ni yeye, ni yeye." Darasa likafaulu, na walimu wa shule nyingine, ambao kwa kunakili hawana mfano, wakauchukua. Sasa nusu ya karatasi zilizonifikia zilikuwa na sifa tano kwa mpangilio ule ule wa wimbo wangu. Wengine waliandika mpaka kiitikio. Niliwapa kumi wote, nikawadharau wote, nikajidharau na mimi kidogo, kisha nikaendelea, maana mafurushi yalikuwa yamejaa hadi chini ya meza.

Lakini dharau yangu kubwa niliwawekea wawili.

Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti wa jopo letu, mwalimu mkuu mstaafu, mnene, mwenye mafua yasiyopona na leso iliyokuwa haijui pasi. Alifungua kila furushi kwa sala. Alimzungumzia Mungu kama mtu anavyomzungumzia jirani wa ng'ambo ya ua. Ukisahihisha haraka, Mungu hapendi haraka. Ukisahihisha polepole, Mungu hapendi uzembe. Umeme ulipokatika alisema Mungu anatufundisha subira, na uliporudi dakika kumi baadaye akasema Mungu amesikia. Sijawahi kuona mtu anayepashwa habari upesi namna ile, tena kutoka juu kote kule.

Wa pili alikuwa naibu wake, tuliyemwita Daktari kwa sababu alikuwa na shahada ya uzamivu na hakupenda tusahau. Alikuwa amesoma miaka tisa na kuandika kitabu cha kurasa mia nne kuthibitisha kwamba hakuna neno lolote la maana linaloweza kusemwa juu ya Mungu. Mtu mwingine akishalijua hilo angenyamaza. Yeye alilisema asubuhi kwenye chai, akalirudia mchana kwenye wali, na katikati ya hapo aliketi kwenye swali la saba akiwapa watoto alama kwa kusema yale ambayo yeye aliapa kwamba hayasemeki.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimekwisha kukata shauri zamani. Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Aliumwa figo miezi minne, akafa siku ambayo daktari wa hospitali alikuwa ametuambia anaendelea vizuri. Katika juma la msiba walikuja watu sebuleni kwangu kunifahamisha Mungu alikusudia nini. Wifi yangu alisema Mungu ananijaribu. Mwalimu mwenzangu alisema Mungu humchukua anayempenda. Mama mmoja wa mtaani, ambaye hata chumvi hatujawahi kuombana, alisema huenda kuna jambo nililitenda. Ni Mungu mmoja, kwenye sofa moja, ndani ya juma moja. Niliwapa chai wote watatu, nikaosha vikombe, na tangu siku hiyo sikuomba tena. Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja. Niliendelea kufundisha somo kama vile mtu aliyeacha sukari anavyoweza kuendelea kuiuza dukani.

Nilipotakiwa kutunga swali la nane pamoja na mwongozo wa kulisahihisha, niliandika zile sifa tano, halafu chini yake nikaongeza mstari wangu: "Jibu lingine lolote lisikubaliwe." Niliuandika kwa hasira. Nilikuwa nimechoshwa na wasahihishaji walegevu wanaogawa alama kwa kila mtoto aliyemtaja Mungu kwa adabu. Nilijiambia, kama ni lazima tuuze upuuzi, basi tuuze kwa kipimo. Kamati iliupitisha bila kusoma.

Siku ya tatu, kabla ya chai ya saa nne, ikanifikia karatasi ambayo mwandiko wake ulisimama wima kama watu kwenye foleni. Wino ulianza wa buluu, ukaishia mweusi katikati ya swali langu. Hapakuwa na wimbo. Mtahiniwa alikuwa ameandika hivi:

"Sifa tano za Mungu ninazoweza kueleza ni za nyumbani kwetu kwa sababu tuko watano. (1) Bibi anamwogopa. Hata akiwa peke yake chumbani na mlango umefungwa, hujifunga nguo vizuri. (2) Baba humwomba kazi kila siku asubuhi, halafu huenda kukaa kwa fundi viatu mpaka jioni. (3) Mama haongei naye tangu mdogo wangu afariki. (4) Kaka husema hayupo, lakini akijikwaa humtaja yeye. (5) Mimi nimemwomba nifaulu mtihani huu. Nikifeli sitajua kama hakusikia, au amekataa, au hayupo. Nikifaulu pia sitajua, maana huenda ni yeye na huenda ni msahihishaji. Wimbo wa sifa tano ninaujua. Lakini swali linasema nieleze, na siwezi kueleza nisichokijua."

Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka kwa pua. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu niligundua kwamba nimeifunika kwa mkono ili dada wa kalamu ya kijani asiione, kana kwamba ni barua yangu.

Kisha nikafanya jambo ambalo haturuhusiwi. Kwenye jalada kuna visanduku ambamo kila msahihishaji huandika alama za swali lake, na sisi hatutakiwi kujumlisha mpaka karatasi imalizike, tusije tukaingiwa na huruma au chuki. Nilijumlisha. Maswali saba yote yalimpa thelathini na sita. Alama ya kufaulu ilikuwa arobaini. Mwaka ule aliyefeli hata somo moja alizuiwa kuendelea na masomo ya juu. Kanuni zilimruhusu kurudia mwaka, lakini wengi walirudi nyumbani tu, na nyumba hii nilikuwa nimekwisha kuingia ndani yake, nikawaona wote watano. Alama nne zilitosha. Mtoto ambaye angeandika "ana huruma, ni wa milele" na kuchorachora maelezo yoyote angevuka. Huyu alikuwa anaujua wimbo akakataa kuuimba.

Nikafungua mwongozo, ingawa niliujua kwa moyo. Jibu lingine lolote lisikubaliwe. Mkono ulioandika ule mstari ndio ulioshika kalamu sasa. Nilitafuta mtu wa kumlaumu pale mezani, nikakosa.

Nikainua mkono kuomba karatasi ya utata. Hiyo ni fomu inayojazwa msahihishaji anaposhindwa na jibu, na ni lazima itiwe saini na watu watatu: msahihishaji wa swali, Mwenyekiti na naibu. Mwenyekiti akaja anapumulia mdomo, Daktari akaja na kikombe chake cha chai, tukasimama watatu dirishani huku wengine wakienda kunywa.

Daktari alisoma wa kwanza, uso ukamng'aa. Alisema huyu mtoto amefika kwa ukurasa mmoja pale ambapo yeye alifika kwa kurasa mia nne, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilikubaliana naye. Alisema jibu la tano ni la ajabu, kwamba ndani yake kuna kila kitu: matokeo yoyote hayamthibitishi Mungu wala hayamkanushi, basi lolote tunalosema juu yake haligusi chochote. Aliendelea hivyo mpaka chai ikaota utando. Nilimuuliza basi anampa ngapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Alisema atampa sifuri, kwa kuwa mwongozo uko wazi.

Nilimwambia hawezi kusema mtoto yuko sahihi kuliko watahiniwa wote, kisha ampe sifuri. Alijibu kwa upole kwamba kuwa sahihi ni jambo moja na kufaulu ni jambo jingine, tena yeye si mtunzi wa swali. Akasisitiza neno mtunzi.

Ndipo nikamgeukia Mwenyekiti, nikasema ninachokitaka: kumi. Nilisema hili ndilo jibu pekee la kweli katika magunia yote yale. Nilisema mimi mwenyewe nimewapa kumi watoto waliokariri makofi, na kama aibu ingekuwa inaua, leo tungebebwa watu wanane kutoka bwaloni. Nilisema mengi. Nadhani nilikuwa nafurahia kidogo kusema. Mwenyekiti alikuwa anasoma huku kidole kikitembea chini ya mistari, midomo ikichezacheza, kama anavyosoma mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Alipomaliza alisema kumi haiwezekani. Mwongozo ukivunjwa kwa mmoja, utavunjwa kwa wote, na wakaguzi wa makao makuu wataivuta karatasi hiyo kwanza.

"Basi mpe sifuri," nilisema. "Sifuri ya haki. Ni afadhali kuliko kumdhalilisha kwa alama za kuokoteza. Hakusema uongo, na sisi tusiseme uongo kwa niaba yake."

Mwenyekiti alipenga kamasi, akaikunja leso taratibu, akaitia mfukoni.

"Mwalimu," alisema, "wewe unataka kushinda. Huyu anataka kufaulu."

Daktari akatazama jikoni.

Mwenyekiti aliiweka karatasi kwenye kizingiti cha dirisha, akasema tumtafutie pointi. Nilimjua kwa tabia hiyo. Alikuwa mtu wa kutafuta pointi hata pale ambapo mtoto ameacha ukurasa mtupu. Nilikunja mikono nikangoja kuona uchafu huo utafanywaje.

Alianza na bibi. Aliuliza mtu aliye peke yake chumbani, mlango umefungwa, anajifunga nguo vizuri kwa ajili ya nani. Kama si kwamba anaamini kuna anayemwona na kumjua hata pale, basi ni kwa nini. Hiyo, alisema, ni "anajua yote," na imeelezwa vizuri kuliko walivyoieleza wale wa wimbo. Alama mbili.

Daktari alipinga. Si kwa ubaya, alisema, lakini alama ya kwanza ni ya kutaja na mtoto hakutaja, ameeleza tu. Kwa hiyo ni alama moja. Niliwahi kusikia kwamba ukisoma sana unaona mbali. Huyu alikuwa anaona nusu ya alama kutoka upande wa pili wa bwalo. Lakini alikuwa na haki, Mwenyekiti akakubali, na mimi nikapiga hesabu: thelathini na saba. Sasa zilihitajika sifa tatu zaidi, na zilikuwa zimebaki nne kwenye mwongozo.

Mwenyekiti hakusumbuka. Alikwenda kwa kaka. Kijana anasema hayupo, lakini popote anapojikwaa, jina linamtoka. Awe njiani, awe uani, awe mlangoni. "Yupo kila mahali." Daktari akacheka mpaka akamwaga chai kwenye sahani, akasema hiyo ni sifa ya mdomo wa kaka na si ya Mungu. Mwenyekiti akamwambia atufahamishe basi ni wapi pengine ambapo yeye amewahi kukutana na sifa za Mungu nje ya midomo ya watu. Daktari akaacha kucheka. Alifikiri, halafu akasema haya, iwe hivyo. Thelathini na nane.

Halafu baba. Mtu haendi kila asubuhi kuomba kwenye mlango ambao anaamini hauna huruma, alisema Mwenyekiti. Angekuwa amekwisha kukoma. Nilisema huenda ni mazoea tu, kama mtu anavyokwenda kukaa kwa fundi viatu. Akasema huenda, lakini hata kwa fundi viatu haendi bure, anakwenda kwa kuwa pale hafukuzwi. Thelathini na tisa.

Nilianza kuona alikokuwa anaelekea, na sikupenda. Umilele haukuwemo popote kwenye jibu lile. Iliyobaki ilikuwa moja, "ni mwenye haki," na aliyebaki, ukimwacha mtoto mwenyewe, alikuwa mama.

Nilisema hapo hakuna kitu. Mama haongei naye, basi. Kutoongea si sifa ya yeyote.

"Mama amenuna," alisema Mwenyekiti. "Hakuna anayemnunia mtu asiyemtarajia mema. Ukiacha kusema na mtu miaka na miaka, ni kwamba uliamini angekutendea haki, hakukutendea, na bado unangoja aje ajieleze."

Alisema hivyo huku anafikicha pua, wala hakuwa ananitazama mimi. Hakujua lolote la nyumbani kwangu. Tulikuwa tumefahamiana siku tatu, na katika siku hizo nilikuwa nimemwambia habari za wino na za choo kisichofungika. Hata hivyo nilihisi kama mtu aliyefunguliwa mlango akiwa anaoga.

Nikamjibu kwa ukali zaidi kuliko ilivyopasa. Nilisema anatia maneno yake kwenye mdomo wa mwanamke aliyefiwa, kama wanavyofanya wote, kama walivyofanya waliokuja na kukaa kwenye sofa na kunywa chai. Nilisema huenda mama haongei kwa sababu ameshajua kwamba hakuna wa kuongea naye. Yamekwisha. Amefunga duka. Kwa nini watu hawaamini kwamba mtu anaweza kufunga duka?

Mwenyekiti aliisoma tena karatasi. Kidole kilitembea kutoka mstari wa tatu hadi wa nne, kikarudi.

"Angekuwa hivyo mtoto angemweka pamoja na kaka," alisema. "Kaka amesema hayupo. Mama hajasema hivyo. Mtoto amewaandika mbalimbali, na huyu mtoto haandiki asichokijua."

Hilo sikulitegemea kutoka kwa mtu aliyekuwa anapokea habari za Mungu kupitia umeme. Miaka ishirini na miwili nimewaambia wanafunzi wasome kilichoandikwa, wasisome wanachokitaka, na hapo nilikuwa nimeisoma karatasi ile mara tatu bila kuona kwamba mstari wa tatu na wa nne ni mistari miwili. Mzee mwenye leso chafu aliuona kwa mara moja. Nilimchukia sana dakika ile. Nilimchukia jinsi mtu anavyomchukia fundi aliyemwambia bei ya kweli.

Mwenyekiti akatia saini yake kwenye karatasi ya utata. Daktari akasema yeye anafuata msahihishaji wa swali, kwa kuwa ndiyo heshima, na akaacha nafasi yake wazi mpaka aone nimefanya nini. Watu wa namna hiyo hawatakosa nafasi popote duniani. Nikabaki mimi na kalamu nyekundu. Utaratibu ni kwamba kila alama inayotolewa ni lazima ionekane: alama ya vema pembeni mwa mstari, na kando yake msahihishaji aandike kwa mkono wake ni pointi ipi.

Niliweka vema kwa bibi, nikaandika "anajua yote." Niliweka vema kwa kaka, nikaandika "yupo kila mahali." Niliweka vema kwa baba, nikaandika "ana huruma," na hapo niliuma meno, maana nilimwona yule baba akirudi jioni na harufu ya gundi ya viatu kwenye shati, bila kazi.

Mbele ya mama nilisimamisha kalamu. Ningeweza kukataa. Ningesema dhamiri yangu hainiruhusu, na ingekuwa kweli nusu, na karatasi ingeingia guniani na thelathini na tisa. Mtoto angesimama mbele ya ubao wa matokeo, akasoma namba yake, kisha akaenda nyumbani akiwa hajui kama hakusikiwa, au amekataliwa, au hakuna kitu. Nami ningekuwa ninajua. Ningejua kwamba haikuwa lolote kati ya hayo. Ilikuwa ni mwanamke mmoja mwisho wa meza ambaye hakutaka kuandika maneno mawili.

Niliweka vema. Mbele ya "Mama haongei naye tangu mdogo wangu afariki" niliandika "mwenye haki." Wino ulikuwa mwingi, nikaukausha kwa ncha ya mkono wa nguo yangu. Kwenye mstari wa tano, ule wa mtoto mwenyewe, ambao Daktari aliuita wa ajabu na mimi niliudaia alama kumi, hatukuweka kitu. Haukuwa na pointi.

Nikaandika nne kwenye kisanduku, nikatia saini. Daktari akatia yake chini ya yangu, akasema tumefanya kazi nzuri, akaenda kuongeza chai. Mwenyekiti aliinua macho kwenye dari, akanong'ona kwamba Mungu hakuacha huyu apotee. Nilimtazama. Ni yeye aliyetafuta pointi nusu saa nzima chai yake ikipoa, na sifa zote alizipeleka juu bila kubakiza hata moja. Nilitaka kumwambia ni mjinga. Nikamwambia ahsante, na sauti ikanitoka vibaya, akadhani nimeambukizwa mafua yake, akanipa leso. Nikaikataa.

Dada wa kalamu ya kijani alijumlisha visanduku, midomo ikihesabu, akaandika arobaini kwenye jalada na kuizungushia duara. Akaitupa guniani juu ya nyingine. Karatasi hizo hazirudishwi kwa watahiniwa. Baada ya mwaka huchomwa. Mtoto ataona neno "amefaulu" na hataona vema zangu wala maneno niliyoandika kando yake. Bibi yake atasema anajua tayari ni nani aliyemfaulisha, baba atasema hivyo hivyo, kaka atasema ni bahati. Yeye hatajua, alituambia mapema kwamba hatajua. Na mama sijui atasema nini. Labda atapika, ale, aoshe vyombo.

Nilivuta karatasi iliyofuata. Sifa tano, kwa mpangilio wangu, maelezo safi, kiitikio mwishoni. Nikampa kumi. Nikavuta nyingine, nikampa nane. Wenzangu walikuwa wanarudi kutoka kwenye chai wakipangusa makombo ya mkate, viti vinakwaruza sakafu, vitunguu vinaungua jikoni.

Miaka kumi na mmoja nilijiweka upande wa kaka. Nilijivunia. Nilipowaona watu kama Mwenyekiti nilijisikia nimesimama mahali pakavu nikiwatazama wao tope limewafika magotini. Kumbe kaka ana maneno yake, ameyasema hadharani, na akijikwaa anamtaja, anacheka na kuendelea. Mimi sikuwahi kusema hayupo, hata siku moja, hata peke yangu jikoni siku ya vile vikombe vitatu. Nilinyamaza tu. Bado sijui kama yupo, na atakayeniambia anajua nitamwuliza amejulia wapi. Ninachokijua ni kwamba nimenuna. Na kwa mwongozo nilioutunga kwa mkono wangu, hilo lina alama moja.